Sista Tangulini, Aliyekataa Neno "Ni Uzee Tu"

Alizaliwa mwaka 1938, mvua zikiwa zimechelewa, kitinda mimba wa fundi viatu na mkewe mkunga. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, kimoja cha kulala wote, kingine cha ngozi, gundi na misumari. Bibi mzaa baba aliishi nao, na ndiye aliyemfundisha sala. Mtoto alimwogesha, akamkata kucha, akasikiliza hadithi ile ile mara mia bila kusema ameshaisikia. Majirani walimtania, "Wewe umeolewa na bibi yako!" Alijibu kwamba hajaona mchumba mwingine mwenye subira kama huyo. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia utawani, akasomea uuguzi, akapangiwa wodi ya wazee. Huko alitumika miaka arobaini na sita, Mungu ashukuriwe.

Watakatifu nao hujikwaa, na kosa lake hatulifichi kwa kuwa mwenyewe hakulificha. Mwaka wake wa tatu wodini aliletwa mzee mwezeka mapaa, kichwa kinamuuma, anatapika, anasema yasiyoeleweka. Mkewe alisema, "Mwanangu, mume wangu si huyu." Sista, kazi zikiwa zimemfika shingoni, akajibu, "Mama, ni uzee tu, zoea." Siku ya nne mzee akafa. Daktari alipochunguza maiti alikuta damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa kichwani, ule unaorudisha damu moyoni. Damu ilikuwa imekosa njia kama maji ya mfereji uliozibwa, na ubongo ukavimba. Sista alikwenda kwa yule mjane kwa miguu, akapiga magoti mlangoni, akasema, "Nilikufunga mdomo, na wewe ndiye uliyekuwa unaona." Mjane akamwinua. Tangu hapo hakukubali mzee yeyote aandikwe "amechanganyikiwa" kabla yeye hajakaa na mtu anayekula na mzee huyo sahani moja, akamuuliza, "Tangu lini?" Ndipo wakamwita Sista Tangulini, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli.

Jaribu kubwa lilimjia mwaka 1999. Aliletwa bibi mshonaji wa miaka sabini na nane, maarufu kwa jina la Bibi Cherehani. Alikuwa ameharisha siku tatu mpaka mwili ukakaukiwa maji, na sasa hakuwatambua watu wake. Picha ya kwanza ya kichwa haikuonyesha kitu. Daktari wa zamu, kijana mwenye akili nyingi na haraka nyingi, akaandika arudishwe nyumbani. Sista akamkalisha mke wa mwanawe kwenye benchi, akamuuliza swali lake.

"Jumatatu jioni alinitania kwamba napika kama mtu anayefukuza wageni," mama yule akasema. "Jumanne asubuhi akaniita jina la dada yake marehemu, akashika kichwa, akalia."

Sista akamfuata daktari.

"Sista, huyu ana miaka sabini na nane. Ulitaka acheze mpira?"

"Daktari, uzee haupigi hodi Jumatatu ukamaliza nyumba Jumanne. Mpige picha ya mishipa inayorudisha damu."

Matron alimwambia amevuka mipaka, akamtoa wodini, akampeleka chumba cha kufulia mashuka. Alitii bila kunung'unika. Lakini kabla ya kuvua aproni alimwagiza yule mama amwambie daktari kila anapopita, "Jumatatu akili yake ilikuwa timamu." Mama akasema mara tano, mara sita. Ya saba daktari akasalimu amri. Picha ikaonyesha mshipa umeziba, na pembeni damu kidogo imevuja.

Hapo ikaja hofu nyingine. Tiba ilikuwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, na wana wawili wa bibi wakakataa katakata: "Damu imeshavuja, mnataka imwishe kabisa?" Daktari akashuka mwenyewe chumba cha kufulia, akasimama kati ya ndoo. "Sista, wananisikia ila hawaniamini. Njoo." Alikuja mikono ikiwa na sabuni. "Wanangu," akasema, "damu imevuja kwa sababu njia imeziba. Njia ikifunguka, itatulia. Hatari ipo, siwadanganyi. Ila tukikaa hivi hivi, mama anakwenda." Wakakubali.

Siku ya tisa Bibi Cherehani akafumbua macho, akaonjeshwa uji wa mke wa mwanawe, akasema, "Bado unafukuza wageni." Wodi nzima ikacheka, na daktari akaenda dirishani akawapa mgongo. Bibi aliishi miaka minane zaidi, akishona. Matron hakuomba radhi kwa maneno, ila siku Sista aliporudi wodini alimbebea aproni yake.

Sista alifariki mwaka 2012, asubuhi ya Alhamisi, moyo wake ukiwa umechoka. Wapo wanaosimulia kwamba waliomba kwa jina lake na wazee wao wakarudiwa na fahamu. Naandika nilivyoambiwa, kupima maajabu ni kazi ya Kanisa. Daktari yule, ambaye leo ni mkuu wa hospitali, husema yeye anaijua ajabu moja: katika wodi ile, ndugu wa mgonjwa hupewa kiti kabla daktari hajashika kalamu.

Tumshukuru Mungu aliyetupa mtawa huyu, na tumuige katika jambo lisilohitaji shule. Keti na mzee wako leo. Jua anavyocheka, anavyolalamika, majina anayoyakosea kila siku na yale asiyoyakosea kamwe. Siku akishindwa kujieleza, wewe ndiye utakayekuwa shahidi wake.