Kaseti Zilipoingia Duka la Santuri

Nilipoajiriwa katika duka la muziki mjini Eldoret, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanguza santuri. Nilikuwa nimemaliza shule, naishi na dada yangu mkubwa katika chumba cha kukodi kule Huruma, na nilidhani kupanguza ni kupanguza tu. Fundi wa duka alinitoa ujinga huo asubuhi ile ile.

"Dada, hiyo ni sahani ya ugali?" aliniuliza.

"Hapana, Fundi."

"Basi mbona unaisugua hivyo?"

Akaichukua mikononi mwangu. Aliishika kwa viganja, kingoni, vidole vikiwa mbali na mifereji yake, akapitisha kitambaa laini pole pole kufuata mzunguko. Kisha akaiweka kwenye mashine, akashusha sindano, na kabla wimbo haujaanza akafumba macho. Alipenda ule mchakacho mdogo unaotangulia wimbo. Alisema hapo ndipo unajua muziki umeingia ndani ya nyumba.

Alikuwa mtu wa upande wa Kakamega, mrefu, wa miaka arobaini hivi, na kila siku alivaa shati jeupe hata kama angeshinda ameinama juu ya redio mbovu zenye vumbi. Mwenye duka alikuwa mzee Msomali aliyekuwa pia na malori ya kwenda kaskazini. Sisi tulimwita Mzee tu. Aliketi karibu na mlango na thamosi ya chai yenye viungo, akasalimiana na nusu ya mji. Muziki tuliouza hakuusikiliza. Aliuza santuri kama ambavyo angeuza misumari, kwa uaminifu na bila maneno mengi.

Mbali na kuuza, tulikuwa tukikodisha muziki wa harusi. Jumamosi tulipakia mashine ya santuri, spika mbili na betri ya lori kwenye pikapu, tukaenda popote tulipoitwa. Na huko ndiko santuri ilikotutesa. Watu wakicheza, hasa watu wa kwetu wanaocheza kwa miguu yote miwili, sakafu ya mbao inatikisika na sindano inaruka. Nakumbuka harusi moja Munyaka ambapo mwimbaji alikwama kwenye neno "njoo", akaita "njoo, njoo, njoo" mpaka mama mmoja akaweka sahani yake chini na kusema, "Jameni, si mtu aende!"

Fundi hakukubali kushindwa. Harusi iliyofuata alichukua mipira ya ndani ya baiskeli, akaning'iniza mashine nzima kutoka kwenye boriti ya paa, ikabembea hewani kama kitanda cha mtoto. Ilifanya kazi vizuri sana. Wageni waliruka watakavyo na sindano haikujali. Halafu mjomba wa bwana harusi, jitu la kimo, akapita akicheza kinyumenyume, akaigonga kwa kisogo. Fundi aliidaka mashine kifuani, lakini santuri ilitoka ikaviringika hadi kwenye meza ya keki. Watu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Jumatatu yake Mzee aliingia dukani na mashine mbili za kaseti na katoni ya kaseti tupu.

"Sasa tunaenda na hii," alisema.

Fundi aliinua kaseti moja, akaitazama kwenye mwanga. "Mzee, hii ni nyuzi ndani ya kisanduku. Muziki unakaa wapi?"

"Fundi, dereva wangu anatoka hapa mpaka Isiolo. Ataweka santuri wapi kwa lori? Juu ya goti?" Mzee alijimiminia chai. "Watu yangu kule nyumbani, hii ndio barua yao. Mama yangu hajui kuandika. Anaongea kwa kaseti, dereva analeta, mimi nasikia yeye anakohoa, nasikia mbuzi nyuma yake. Santuri itaniletea mbuzi ya mama yangu?"

Fundi aliirudisha kaseti kwenye katoni. Mimi nilicheka mpaka nikaficha uso nyuma ya rafu, na Mzee, ambaye sikuwa nimewahi kumwona akicheka, akacheka pia.

Tukaanza kuhamisha nyimbo. Waya wa kuunganisha mashine na mashine haukuwa umefika, kwa hivyo tuliweka mashine ya kaseti mbele ya spika, tukabonyeza, tukakaa kimya kama watu walio kanisani. Wimbo mmoja ulichukua muda wake wote, hakuna njia ya mkato. Tulifunga mlango, tukazima feni, na mteja akibisha tulimpungia mkono kupitia dirishani asubiri. Hata hivyo dunia iliingia. Kuna kaseti ya kwaya tuliyoinasa ambayo, katikati ya wimbo mtulivu kabisa, inasikika sauti ya Fundi ikisema, "Funga mlango, wewe!" Tuliiuza bila kujua. Aliyeinunua alirudi baada ya wiki, na mimi nikajiandaa kuomba msamaha. Kumbe alitaka nyingine kama hiyo ampelekee shemeji yake. Alisema watoto wake hawaimbi tena wimbo ule bila kuweka "Funga mlango, wewe!" mahali pake.

Waya ulipofika, kazi ikawa rahisi, nami nikaipenda kuliko nilivyotarajia. Nilikaa mchana mzima nikipanga nyimbo za harusi: ya kuingilia wazee, ya bibi harusi, ya chakula, ya zawadi, kisha za kucheza. Mpwa wangu sasa yuko redioni, na aliwahi kunionyesha jinsi anavyopanga nyimbo za kesho yote kwenye kompyuta, akaondoka zake na muziki ukaendelea kujicheza. Alifikiri atanishangaza. Nilimwambia hiyo kazi naijua, na taabu yake pia naijua, kwa sababu ukishapanga nyimbo, watu nao inabidi wafuate mpango wako, na watu hawafuati.

Hilo nililijua katika harusi yetu ya kwanza ya kaseti, kule Sugoi.

Ilikuwa boma la mkulima wa mahindi. Walikuwa wametandaza maturubai ya lori juu ya miti, wakapanga viti vya shule, na kina mama walikuwa jikoni tangu alfajiri. Nilikuwa nimepatana na baba mdogo wa bwana harusi, ndiye aliyesimamia sherehe, kwamba akiinua kofia, kazi yangu ni kubonyeza tu. Fundi alikuja nami kwa shingo upande. Alikaa kando ya spika amekunja mikono, na chini ya kiti chake alikuwa ameweka santuri kadhaa ndani ya gunia, mashine yake akiwa ameiacha kwenye pikapu. "Za dharura," alisema.

Mvua ikanyesha. Haikunyesha sana, lakini ardhi ya Sugoi haihitaji mvua nyingi kugeuka sabuni, na habari zikaja kwamba gari la bibi harusi limezama kwenye matope huko chini, trekta imeenda kulivuta. Tukangoja. Wageni walianza kupiga miayo. Nzi mmoja akatua kwenye pua ya yule baba mdogo, naye akavua kofia kumfukuza.

Mimi nikabonyeza.

Wimbo wa bibi harusi ulitoka kwa sauti yote. Watu walisimama, vichwa vyote vikageukia njia iliyotandazwa majani. Na kwenye njia ile, akitoka jikoni na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi, alikuwa amesimama nyanya wa bibi harusi. Walimwita Kogo, kama Wanandi wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa mdogo wa mwili, ameinama kidogo mgongoni, amevaa koti la kiume juu ya gauni na gamubuti miguuni. Alikuwa anapita tu kupeleka maziwa kwa wazee.

Nikanyoosha mkono kuzima. Fundi akanishika kifundo cha mkono.

"Wacha," alisema.

"Fundi, nimekosea, si yeye!"

"Nimesema wacha. Angalia."

Kogo alikuwa amewatazama watu wote waliosimama kwa ajili yake. Akatazama nyuma, kuona kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. Basi akanyoosha mgongo, kadiri ulivyokubali, akakiweka kibuyu kifuani, akaanza kutembea. Hatua moja, anasimama, hatua nyingine, anasimama, vile vile alivyowaona mabibi harusi wa kanisani wakifanya. Mtu akapiga kigelegele. Kisha boma zima likapasuka. Wazee walimvulia kofia. Wasichana wasimamizi wa bibi harusi, waliokuwa wamechoka kungoja, wakakimbia kumfuata nyuma wawili wawili, na mmoja akamtwika shela ya akiba juu ya kitambaa cha kichwa. Alipofika kwenye kiti cha bibi harusi aligeuka, akaketi, akaweka miguu yake ya gamubuti sambamba.

Baba mdogo alimwendea mbio. "Kogo, hicho ni kiti cha msichana!"

"Mimi niliolewa kwa ng'ombe tu, hakukuwa na wimbo," alisema kwa Kiswahili ili wageni wote wasikie. "Leo nimepata. Niache nimalize."

Hata padre alicheka mpaka akavua miwani. Mimi machozi yalinitoka, na sijui hata sasa yalikuwa ya kicheko kiasi gani na ya kitu kingine kiasi gani. Fundi bado alikuwa amenishika mkono na hakuwa na habari.

Wimbo ulipoisha ndipo tukasikia trekta. Bibi harusi alikuwa amepanda juu yake, matope mpaka magotini, gauni limekunjwa, anapunga mkono. Na kaseti yetu ilikuwa imeshavuka wimbo wake. Nikabonyeza kurudisha nyuma. Mashine ikaguna, ikasimama. Betri ilikuwa imechoka na haikuwa na nguvu za kucheza na kurudisha pia.

Nilimtazama Fundi, nikamtazama yule mwenye trekta aliyekuwa akikata kona kuingia. "Toa santuri," nilimwambia. "Toa za dharura."

Fundi aliangalia gunia lake. Nilijua kwamba ndani yake wimbo ule ulikuwepo. Badala yake akachomoa biro kwenye mfuko wa shati lake jeupe, akatoa kaseti, akaitia biro kwenye tundu, akaanza kuizungusha hewani kama kichezeo cha mtoto. Kaseti ikatoa sauti, *kra-kra-kra-kra*. Watoto wakamzunguka. Mama mmoja akaanza kupiga makofi kufuata ile kra-kra, wengine wakadakia, na kabla sijafahamu, boma lote linapiga makofi na Fundi amesimama katikati, anazungusha kaseti huku mabega yakicheza. Trekta ikaingia kwa mdundo huo. Dereva alipiga honi nao.

Akarudisha kaseti, akaniambia, "Bonyeza, dada."

Wimbo ulianzia katikati ya ubeti, lakini hakuna aliyejali. Bibi harusi alishuka, Kogo akasimama kutoka kwenye kiti, akamshika mkono, akampitisha njia ile ile. Alimwonyesha mahali pa kusimama na mahali pa kukanyaga, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa na uzoefu.

Tulirudi mjini jioni tumejaa matope na nyama. Gunia la Fundi halikuwa limefunguliwa. Nilimuuliza kwa nini, akasema betri ile isingeweza kuzungusha santuri. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote, na aliona kwamba nimeona.

Duka liligeuka polepole. Rafu za santuri zikapungua, kaseti zikapanda ukutani mpaka dari. Fundi alipewa ruhusa na Mzee achukue santuri alizozipenda, akazichukua kwa safari nyingi, kila safari mbili mbili chini ya kwapa. Watu walianza kuja wakiuliza, "Yule msichana wa kaseti za harusi yuko?" nami nikawa naenda peke yangu na pikapu, nikajifunza kutoangalia kofia ya mtu yeyote.

Halafu kina mama wa kwaya moja ya Huruma wakaja na swali ambalo hatukuwa tumelifikiria. Walitaka kujua kama mashine ile inaweza kuwanasa wao wenyewe. Mzee alitoa stoo ya nyuma. Fundi akapanga magunia ya mahindi ukutani ili sauti isirukeruke, akatundika mablanketi ya madereva mlangoni, akaning'iniza maikrofoni kwenye msumari. Kina mama walisimama wamebanana, jasho linawatiririka, wakaimba wimbo mmoja mara moja tu. Nilirudisha kaseti nyuma, nikabonyeza, wakajisikia. Mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma akajishika kifua.

"Huyo mwenye sauti nzito ni nani?"

"Ni wewe, Mama," nilimwambia.

"Mimi?" Alisogea akaweka sikio kwenye spika, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia wenzake, akawasukuma kwa mikono miwili. "Hebu nipisheni. Mimi nahamia mbele. Turudie."