Mzungu wa Fakitori ya Kahawa

Enzi zetu pale Kitengela, kabla nyasi hazijageuka kuwa ploti, kusimama mbele ya watu kulinitisha kuliko hesabu. Nilikuwa msichana wa darasa la sita, na ulimi wangu ulikuwa na tabia ya kunitoroka.

Mwalimu wetu, Bi Naserian, alitusimulia habari za Mwingereza mmoja wa kale, mwandishi wa insha na mwanasiasa. Insha zake zilitoka gazetini, watu wakazisoma kwa sauti katika nyumba za kahawa. Lakini bungeni, inasemekana, siku moja alisimama ahutubie, maneno yakamkauka, akaketi. Darasa zima lilicheka. Mimi nilimpenda papo hapo.

Siku ya wazazi nikapangiwa kusimulia maisha yake. Baba alikuja moja kwa moja kutoka machimbo ya mawe, vumbi bado kwenye nyusi. Nilisimama, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikaketi nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bi Naserian akachukua daftari langu akasoma yeye. Sasa, nyumba ya kahawa niliyoijua mimi ilikuwa moja tu: fakitori ya kule kwa nyanya, Kiambu, wakulima wanakopeleka kahawa ipimwe. Basi nilikuwa nimeandika kwamba insha za Mzungu huyo zilisomwa kwenye foleni, kati ya akina mama wenye magunia mgongoni, wakingoja mizani. Wazazi walivunjika mbavu.

“Kumbe wazungu pia walikuwa wanapanga laini kwa fakitori?” mama mmoja aliuliza.

Machozi yalinilenga. Ndipo Baba akasimama, kofia mkononi.

“Mnacheka nini? Huyu msichana wangu ameongea. Ameongea na karatasi, na nyinyi wote mmesikia.”

Siku hizi nyumba za kahawa zimejaa Kitengela. Vijana huketi humo kila mmoja na simu yake, kahawa ikipoa huku inapigwa picha. Binti yangu huhutubia dunia nzima kwa simu akiwa jikoni, slipa miguuni. Namwonea wivu kidogo.

Baba tulimzika mwaka jana. Nilipoitwa kumzungumzia, ulimi ulitoroka kama zamani. Nikampa binti yangu karatasi, akaisoma vizuri, hadi mwisho. Nami nikajikuta natazama kwenye viti, nikingoja mtu asimame, kofia mkononi, aseme nimeongea.