Unga Niliotia Kwenye Dawa ya Mama

Mwanangu, siku ile naikumbuka kuliko hata siku niliyohamia nyumba yangu ya Bulyaga. Na ile nyumba nimeijenga mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la nne. Mengi nimeyaweza bila kufundishwa. Hili nalisema nikiangalia chini.

Kule kijijini kwetu Masukulu mama alikuwa na jani lake. Alilichemsha, akaosha watu vidonda vilivyooza, na wengi walipona. Mimi kijana nikalitia kwenye chupa, nikauza sokoni Tukuyu. Nikaona linachelewa kuponya. Basi nikawa nafungua zile kapsuli za rangi mbili za duka la dawa, namwaga unga wake humo humo. Mama hakujua. Watu wakaniita daktari, nami naitika!

Akaja binti mmoja mtafiti. Alitafuta mmea wa kuua wadudu wa vidonda vikali, wale sugu waliokwisha kuzizoea dawa za hospitali. Akamwomba mama majani mabichi. Nikadakia: "Dada, majani ya nini? Chukua chupa yangu, hii ndiyo kiboko!" Niliogopa jani tupu lingeshindwa, nikachekwa sokoni. Mama akaniachia niseme, maana aliniamini.

Siku ya majibu mama alivaa kitenge chake cha kanisani.

"Imeua, mwanangu?" akamuuliza binti.

"Imeua wadudu wa kawaida, mama. Wale sugu hata hawakutikisika. Tulipochambua tukakuta dawa ya kapsuli." Akanigeukia. "Kaka, imeingiaje?"

Nikasema labda chupa haikuoshwa vizuri. Yaani hata hapo, mwanangu, nilidanganya.

Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na jani langu?"

"Halijapimwa, mama. Sikupewa. Na mradi wetu umeshafungwa."

"Ndaga," mama akashukuru kwa Kinyakyusa, kama vile amepewa kitu. Akaenda kuvua kitenge.

Alifariki hajui kama jani lake lingewaweza wale sugu. Mimi pia sijui, na nilikuwa na nafasi ya kujua.

Kwa hiyo nakuambia: kitu cha wazazi wako kipeleke kama kilivyo. Kikishindwa, kishindwe chenyewe. Na kama umechanganya, sema kabla hujaulizwa. Mungu akupe mikono misafi, akujalie kukiri mapema, mama yako akiwa bado yupo wa kukusikia.