Nilivyochonga upinde wangu wa kwanza pale Buswahili, na mpaka leo sijui ni mti gani

Wakuu, za muda huu.

Ninayoandika yalinikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Pale ambapo sijui nitasema sijui, na mtaona ni sehemu nyingi.

Humu nimeona vijana wanauliza upinde wa mti unatengenezwaje, wengine wanaweka video za wazungu wenye vifaa vya kila aina. Nikakumbuka ya kwangu.

Ilikuwa miaka ya themanini, ile ya foleni ya sukari na kufulia majani ya mpapai. Mimi shule niliiacha mapema. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa sehemu moja. Nilikuwaga Nyasho pale Musoma, nikaenda Bunda kubeba mizigo sokoni, nikaenda Kiriba kwa wajomba kuvuta nyavu, nikarudi Nyasho.

Niliporudi nikakuta msako wa wasio na kazi. Ukikamatwa unapelekwa kijijini ukalime. Nikaona bora nijipeleke mwenyewe kabla sijapelekwa.

Nikaenda Buswahili kwa shangazi Wakuru, dada yake baba. Baba mwenyewe sikuwahi kumjua vizuri. Shangazi alikuwa mjane, anaishi na mwanae Magesa, rika langu.

Sasa pale kijijini wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, wanaume wameanzisha sungusungu. Kiongozi wao, Kamanda Manyama, akaniita.

"Wewe wa wapi?"

Nikamwambia nimezaliwa Nyasho, mama ni wa Kiriba, baba watu wa Butiama, ila nimekuwa Bunda.

"Sijakuuliza ulikopita. Nimeuliza wa wapi."

Nikaanza tena na Nyasho, akanikatisha.

Akasema hivi: kila mwanaume wa hapa analinda, na anayelinda ana upinde aliochonga kwa mkono wake. Mtama ukishavunwa kuna ukaguzi. Asiye na upinde na hajulikani alikotoka, anarudi huko huko.

Huko huko ni wapi? Mjini wananifukuza niende kijijini, kijijini wananirudisha mjini. Nililala nikiiwaza hiyo hesabu.

Basi nikaanza kazi.

Upinde wa kwanza nilichagua mti kwa macho. Niliona mkaratusi umenyooka kama rula, nikaukata mbichi, nikachonga kwa panga, nikafunga kamba siku hiyo hiyo. Ulipinda vizuri sana. Tatizo ukabaki umepinda. Nikifungua kamba haurudi.

Magesa akauzunguka akiuangalia.

"Binamu, huu sio upinde. Hii ni ndoano. Peleka Kiriba kwa wajomba wakavulie mbuta."

Kila niliyemuuliza mti unaofaa ananipa jina lake. Huyu anataja kwa Kizanaki, yule kwa Kijita, Mkurya mmoja akataja jina ambalo kwa Magesa ni mti mwingine kabisa, wa miiba. Nikaenda na mti mmoja wenye majina matatu, nikarudi na jina moja na miti mitatu.

Nikatembea mpaka Bunda. Sokoni kulikuwa na mhunzi anayeuza vichwa vya mishale, nikasema huyu lazima anajua. Akaniambia chukua mkole, ukauke kivulini, halafu akaninyooshea kidole:

"Kwangua tumbo tu. Mgongo usiguse. Mgongo ukiguswa, upinde umekufa."

Nikashukuru, nikaondoka. Njiani ndipo nikajiuliza: mgongo wa upinde ni upi?

Wakuu, msicheke. Upinde una pande mbili, mmoja unaniangalia mimi ninayevuta, mwingine unaangalia kule mshale unakoenda. Mimi nikapiga logic yangu: mbele ni kule mshale unakoenda, mgongo ni nyuma, na nyuma ndiko niliko mimi. Kwa hiyo mgongo ni upande wangu.

Hata leo nikiisoma naona kama iko sawa.

Nikapata mkole mzuri, nikausubiri ukauke, nikakwangua ule upande wa mbele kwa kipande cha chupa. Ule upande wangu sikuugusa hata kidogo, nilikuwa naupapasa tu kama ndama. Magesa akanipa ukano wa ng'ombe aliousokota, nikaufunga.

Nikavuta. Ukakubali. Nikaongeza kidogo.

Ulipasuka kwa mlio kama wa mlango uliopigwa teke, kipande kikanipata juu ya jicho. Damu ikashuka mpaka kidevuni, na Magesa amekaa chini kabisa, anacheka mpaka anapiga ardhi.

Mtama ulikuwa umeshakatwa, uko uwanjani unapurwa. Ukaguzi ni keshokutwa yake. Nikafunga vitu vyangu kwenye shuka.

Nikamfuata shangazi shambani kumuaga. Alikuwa anapalilia mihogo, jembe lenyewe mpini umepasuka, kaufunga kwa mpira wa baiskeli. Nikamweleza habari ya mhunzi na ya mgongo. Hakuinuka.

"Mimi hapa nilivyoinama, mgongo wangu uko wapi?"

"Juu, shangazi."

"Na tumbo?"

"Ndani."

"Sasa upinde si umeinama? Au wa kwenu mjini unalala chali?"

Maana yake mgongo ni ule wa mbele, ule niliokwangua wote.

"Lakini shangazi," nikasema, "kabla haujainama, mgongo wake unakuwa wapi?"

"Na wewe kabla hujainama, wako unakuwa wapi?"

Nikajishika kiunoni. Wakuu, nilizidi kuchanganyikiwa.

Akaniangalia lile jeraha, akaangalia shuka langu lililofungwa. Akaacha jembe, akaenda nyumbani, nikamfuata. Juu ya mafiga kulikuwa na kichanja cha kukaushia vitu. Akapandisha mkono akashusha mti mrefu, mweusi kwa moshi.

Magesa akaacha kucheka.

"Mama, huo ni wa baba."

Ndipo nikaelewa kwa nini jembe lake limefungwa mpira. Magesa alinieleza: ule mti baba yake aliukata porini wa kutoa mipini miwili, akafa kabla hajaichonga. Shangazi amelimia jembe bovu miaka yote, na mti uko pale juu ya kichwa chake kila akipika.

"Baba yako alipo halimi," akamjibu. Kisha akanigeukia mimi: "Chonga. Na mgongo unaujua."

Nikauliza ni mti gani.

"Mti wa mpini."

"Jina lake, shangazi."

"Aliyeukata ndiye alijua. Chonga."

Nikachonga. Ulikuwa mgumu, chupa inaimba. Chini ya masizi rangi ya manjano, moyo wa kahawia, ukiukwangua unanukia kama maharage mabichi. Sikuwahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa ule mti. Kila unga uliodondoka nilijua siwezi kuurudisha. Kulikuwa na fundo upande mmoja, sikujua nilikwepe au nilikate, nikaliacha. Mwisho nikaupaka samli, shangazi akaona samli yake inavyoisha, akanisogezea iliyobaki.

Siku ya ukaguzi tulipanga mstari nje ya ofisi ya kijiji. Kamanda anavuta upinde wa kila mtu mpaka sikioni. Wa mmoja mbele yangu ulivunjika, akaambiwa akachonge mwingine. Huyo ana kwao, anaweza kuambiwa hivyo.

Akafika kwangu. Akaunyanyua.

"Huu upinde unakonyeza. Mkono wake mmoja umejikunja, mwingine bado unafikiria."

Watu wakacheka. Akavuta. Ukalia, krrr, pale penye fundo. Nikafumba macho. Nilikuwa naona ile mipini miwili.

Nikafumbua, kamba iko sikioni kwake. Akairudisha taratibu, akageuza upinde, akaunusa.

"Mti gani huu?"

Majina yote niliyokuwa nimepewa yakanijaa mdomoni. Hakuna hata moja nililoweza kuliapia.

"Wa shangazi."

"Sijauliza wa nani. Mti gani?"

"Sijui, mzee. Ni wa shangazi."

Kamanda akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Tulimuuliza yeye wa wapi, hajui. Upinde mti gani, hajui." Akanirudishia. "Haya. Wote wa shangazi. Utalinda upande wa mtoni."

Hivyo ndivyo nilivyobaki, na hilo ndilo jina langu pale mpaka leo. Ukifika Buswahili ukauliza Wa Shangazi, wazee watakuonyesha nyumba.

Nilikaa pale kuliko nilivyowahi kukaa popote. Biashara zilipofunguliwa nikaanza mitumba Bunda, lakini kulala narudi Buswahili. Faida ya kwanza nilimnunulia shangazi jembe jipya lenye mpini wa kiwandani, laini, una vanishi.

Akaugonga kwa kidole. Akaunusa.

"Mti gani huu?"

"Wa dukani, shangazi."

Akaguna. Alililimia mpaka alipofariki, ila mpini hakuacha kuulalamikia.

Nilichojifunza: mti wa upinde usiuchague kwa kunyooka, ukauke kwanza, na kabla ya kukwangua muulize mtu mgongo uko wapi, umuulize akiwa ameinama. Zaidi ya hapo sijui kwa nini huu haukuvunjika. Uko ukutani kwangu, fundo na yote.

Wenye ujuzi wa miti ya Mara, tupieni hapa: manjano nje, kahawia moyoni, harufu ya maharage mabichi, mgumu mpaka chupa inaimba. Ni mti gani?

Ila msiniambie ni mkole. Mkole naujua, ninayo alama yake juu ya jicho.