Samaki wa Docta Mbele ya Wakwe

Mimi ni katekista mstaafu, kila Dominika nakaa benchi ya mbele, lakini bado kuna watu wa Kadutu wakikutana nami mlangoni mwa kanisa wananiuliza kwa heshima kubwa kama samaki amekwisha kuiva, nami nacheka pamoja nao, kwa kuwa nimeshajifunza kwamba aibu ukiikimbia inakufuata mpaka altareni.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya hapa kwetu. Jirani yangu, daktari (sote tulimwita Docta), alikimbia na familia yake asubuhi moja, na kabla ya kushuka bandarini akaniletea sanduku la kioo lenye maji na samaki mmoja mwekundu, mali ya binti yake mdogo aliyekuwa akilia. Nilimwahidi mtoto yule, mbele ya baba yake, kwamba akirudi atamkuta. Chakula cha kopo cha samaki huyo kilipokwisha nikafuata maagizo ya Docta: sambaza wabichi, wale dagaa wa ziwani, kuondoa kichwa na miba, kukata vipande vidogo, na kutoa mabaki kabla maji hayajaoza. Sambaza wenyewe walikuwa shida, maana wavuvi waliogopa kuingia ziwani usiku, na Maman Furaha, mke wangu, alikuwa akisema samaki ile inakula vizuri kuliko katekista. Hakukosea. Mimi nilikonda, samaki akaota tumbo la bwana mkubwa.

Sasa Furaha, binti yetu wa kwanza, alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa kijiji cha Miti. Mara mbili familia ya kijana ilipanga kuja kumwomba, na mara mbili risasi zikafunga barabara. Mara ya tatu wakafika, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, wakiongozwa na Papa Mugisho, baba mdogo wa kijana, mtu mrefu mwenye kofia nyeusi na maneno machache. Nilijua kabisa kwamba hawa wakirudi na kinyongo, hakuna atakayepita barabara ile mara ya nne, na Furaha alijua kuliko mimi. Nilimwona akichungulia kutoka jikoni, macho yake yote ni maombi.

Sombe ya majani ya muhogo ilikuwa bado motoni. Salon ya wageni ilikuwa kimya, wakwe wanatazama miguu yao, mimi natazama yangu. Basi, ili kuvunja ukimya tu (Mungu ni shahidi wangu), nikawaambia wasogee kwenye kioo, nikachukua kisahani changu cha sambaza, nikaanza kumlisha samaki kwa vidole, naye akanyakua kipande kimoja kimoja kama mtoto mwenye adabu. Nikajisifu kidogo. Nikasema huyu nimemlisha kwa mkono wangu mwenyewe miezi yote hii, sambaza wabichi, hata siku ambazo sisi tulikula bugali na chumvi.

Papa Mugisho akavua kofia, akapiga makofi taratibu, akasema, "Papa, tumeiona. Iko munene. Mumetuheshimu sana."

Nami, mjinga, nikajibu asante. Ni pale shangazi mmoja wa kijana alipouliza kama tutaipika na tomate ao na mawese ndipo nikaelewa nilichofanya. Kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa mbuzi angali hai. Akishasema amemwona na kushukuru, mbuzi ni wake, na kumrudisha zizini ni kumtukana mgeni na ukoo wake. Mbuzi wangu na kuku wangu walikuwa wameliwa na askari zamani. Nilikuwa nimeonyesha samaki wa mtoto wa Docta.

Chakula kikaja: bugali, sombe, na sambaza wa kukaanga. Nikasimama kubariki, na sijawahi kubariki chakula namna ile. Niliombea wakimbizi, wagonjwa, wafungwa, marehemu wa pande zote, mvua, wanovisi, nikarudi tena kwa wakimbizi. Niliposema amina hakuna aliyegusa sahani. Papa Mugisho akanituliza kwamba wao hawana haraka, samaki kubwa haiivi mbio.

Maman Furaha akasikia. Akaja na beseni la kumpeleka samaki jikoni, na (namsamehe) alikuwa akitabasamu. Mimi nikashika beseni, yeye akavuta, kiwiko changu kikapasua kioo, na maji yote ya sanduku yakashuka juu ya miguu ya wakwe na suruali ya mchumba. Samaki akaruka chini ya viti, mashangazi wakapanda juu ya viti, na mtu mzima mimi nikaingia chini kwa magoti kama anayetafuta rozari, ila Papa Mugisho alikuwa ameshamkamata kwa mikono miwili.

Nikabaki pale pale kwa magoti. Nikasema, "Mukwe, munisamehe. Ile samaki haiko yangu. Iko ya mutoto wa Docta, na nilimuambia atarudi aikute."

Aliniangalia. Akamwangalia samaki, aliyekuwa akifungua kinywa bila sauti. Nilimsikia Furaha akivuta pumzi mlangoni.

"Basi mulete maji," akasema Papa Mugisho. "Itakufa."

Tukamweka kwenye sufuria kubwa. Kisha Papa Mugisho akakung'uta viatu vyake, akakaa, akavuta sahani ya sambaza karibu, akala kwanza, halafu akasema, "Siku ya mahari tutakuonyesha ng'ombe. Utaiona, utashukuru. Kisha tutarudi nayo Miti. Iko ya rafiki."

Mashangazi walicheka mpaka wakalia, mke wangu akacheka, na Furaha akacheka huko jikoni, na ilikuwa muda mrefu nyumba yetu haijasikia sauti kama ile. Walimwoa. Na siku ya mahari, niwaambie ukweli, baada ya mimi kushukuru walimgeuza yule ng'ombe kweli, wakamvuta mpaka barabarani, wakaniacha nimesimama na kofia mkononi.

Docta alirudi vita ilipotulia. Binti yake alitazama ndani ya kioo kipya akasema siyo huyu, wake hakuwa na tumbo.

Namshukuru Mungu kwa wakwe wale. Lakini tangu siku hiyo mgeni akiingia kwangu namwonyesha kiti na picha ya Bikira Maria, basi. Chochote chenye uhai nakificha nyuma ya pazia mpaka tumemaliza kula.