Ugali Juu ya Sahani ya Shemeji

Baba yangu, Papa Barnabé, hapendi kuitwa mtu mgumu. Basi mimi namwita mjanja. Delphin alipokuja kutoka Kiambi kumuoa dada yangu Viviane, baba alikataa mahari. Alitaka mikono. Delphin angefanya kazi kwenye mashine ya baba ya kukerezea mbao, hapa hapa nyumbani kwetu Kalemie, na siku baba atakapokula ugali juu ya sahani iliyokerezwa na mkwe wake, siku hiyo Delphin angekuwa huru kumchukua mke wake waende kwao. Watu walipiga vigelegele. Hata mimi nilipiga, mjinga mimi.

Sahani za kwanza baba alizikataa. Hii ina ufa, ile imepinda, nyingine ukingo wake mnene kama mdomo wa chungu. Delphin akajifunza. Alipoijua kazi kweli kweli, baba akageuza maneno: sasa sahani zilikuwa nzuri mno, nani atazichafua kwa ugali? Akawa anazitundika sebuleni. Ukuta umejaa, wageni wanasifu, na mama yake Delphin anazeeka peke yake Kiambi, macho yanafifia, kila akipiga simu anauliza watafika lini.

"Karibuni, mama," Delphin hujibu. Neno hilo limenichosha kuliko linavyomchosha yeye.

Umeme wa mtaa wetu huja unapotaka. Ukija, kila mtu hukimbia, huyu na pasi, yule na simu, maana hujui utakaa hadi saa ngapi. Delphin haizimi mashine. Huiacha ili umeme ukirudi izunguke yenyewe, imwite. Nimewahi kumwona akiikimbilia na povu la sabuni kichwani.

Mwaka huu alipata gogo la mukula, ule mti wenye moyo mwekundu, pana kuliko kifua chake. Aliliinamia siku nyingi, patasi mikononi, akisikiliza. Mbao ikiwa bado nene hunguruma. Ikikaribia kuwa nyembamba hulia kwa sauti ya juu, na hapo ndipo mkono unatakiwa kuwa mwepesi. Vumbi jekundu lilimjaa hadi kwenye kope. Ilipotoka, sahani ile ilikuwa kubwa, laini, mistari ya mti imezunguka hadi katikati. Nilipoiona nilisikia huruma, si furaha. Nilijua itaishia ukutani.

Viviane naye alijua. Safari hii hakumwonyesha baba. Jumapili, tulipotoka misa, alipika ugali akaupakua moja kwa moja juu ya sahani, dagaa pembeni, akaiweka mezani.

"Papa, kula," alisema. "Hii njo sahani ya Delphin."

Baba alitazama ugali mweupe juu ya mti mwekundu. Chakula kilikuwa kimeshawekwa. Akanawa. Delphin aliacha kupumua, nami nilikuwa nasali waziwazi, midomo ikicheza. Mkono wa baba ukanyooka, vidole vikaugusa ugali.

Pale pale umeme ukarudi. Uani mashine ikaanza kunguruma.

Delphin akasimama. Hakufikiri, maskini. Alifika mlangoni kabla hajajua kwamba ametoka mezani.

Baba alirudisha mkono, akaufuta kwenye suruali. Alicheka, na kicheko kile sitamsamehe.

"Munaona? Yeye mwenyewe hapendi kwenda. Mimi nimufukuze mutoto wa watu?"

"Delphin, rudi! Kaa!" Viviane alipiga kelele.

Alirudi, akakaa, uso umemshuka. "Papa, hapana, ilikuwa tu miguu..." alianza.

"Viviane, niletee sahani yangu ya bati," baba alisema.

Alikula kwenye bati, akashiba. Viviane aliiosha ile sahani kubwa huku analia, akaikausha kwa khanga yake, hakuna aliyemwambia nyamaza. Baba akatafuta nyundo na msumari, akapata nafasi ndogo karibu na dirisha, akaomba mtu amshikie isikae upande.

Delphin alikwenda kuishika. Aliishika sawasawa, kwa mikono miwili, mpaka baba alipomaliza kugonga, na uani mashine ilikuwa bado inazunguka.