Muuguzi wa Nyota Watatu

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la dawa mtaani Kabalagala, televisheni ikionyesha timu yetu ya taifa ikijipanga uwanjani. Mtangazaji akasema wachezaji watatu walisoma sekondari moja.

"Hiyo ni kazi ya kocha wa shule tu," akasema askari polisi aliyekuwa mbele yangu.

"Na mimi je?" akauliza mama muuzaji. "Nilikuwa muuguzi wa shule hiyo. Wote watatu niliwatibu malaria."

"Mama, wewe nadanganya sisi."

"Ngoja wimbo wa taifa. Nahodha ni mmoja wao; tazama kidole chake cha mwisho. Kilivunjika, nikakifunga vibaya."

Wimbo ulipoanza, nahodha aliweka mkono kifuani. Kidole kilikuwa kimepinda kweli. Askari akavua kofia. "Nisamehe, mama."

Nikamuuliza mama kama nahodha bado anamkumbuka. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Kila mwezi hupiga simu kutoka Ulaya anakocheza. Mtoto wake akikohoa, daktari wa huko hamwamini mpaka aniulize mimi."

Kocha ana makombe kabatini. Mama huyu ana simu hizo, na sidhani angekubali kubadilishana naye.